Picha Nzuri ya Goti la Ndanu

Nyinyi mnaoingia kwenye kazi ya eksirei siku hizi mmekuta mambo yamelainika. Mnabonyeza kitufe, picha inatokea kwenye kompyuta kabla mgonjwa hajavaa kiatu, na ikitoka vibaya mnaifuta. Sisi tulinuka dawa za kusafishia filamu. Kwa miaka mingi nilifanya kazi katika hospitali moja ya serikali hapa mjini, nikichovya filamu kwenye beseni moja baada ya jingine katika chumba cha giza, kisha nikizitundika zikauke kama nguo. Nikifika nyumbani Kangemi mke wangu alinivulisha shati nje ya mlango. Siku yangu ya kwanza niliwasha taa ya chumba hicho nikitafuta kalamu iliyoanguka, na filamu za asubuhi nzima zikawa nyeusi tititi. Wagonjwa wote wakarudishwa kwenye foleni. Mmoja wao, mama wa sokoni, alikuwa ameniomba kitana kabla ya kupigwa picha ya kifua ili atoke vizuri. Alipoitwa mara ya pili aliniuliza kama ile ya kwanza alifumba macho.

Nacheka nikikumbuka hayo, lakini sikukaa chini kuandika ili niwachekeshe. Kuna mtoto niliyemkosea. Na sikumkosea nikiwa mgeni wa kazi, nilimkosea nikiwa naijua kazi barabara, na hilo ndilo linaloniuma.

Aliyenifundisha alikuwa Madam Truphosa, mwanamke mfupi kutoka kwetu magharibi, mkali kama pilipili. Hakutaka kabisa tusome fomu ya daktari kabla ya kumwona mgonjwa akiingia.

"Barasa, weka hiyo karatasi chini," alikuwa akiniambia. "Mwangalie akitoka mlangoni mpaka mezani. Hapo ndipo ugonjwa unajionyesha. Kwa karatasi kuna kile daktari amewaza tu."

Jambo ambalo alilirudia mpaka tukachoka lilihusu watoto. Mtoto akishika goti, alisema, usimwachilie kabla hujauliza habari za nyonga. Mishipa ya fahamu inayopita kwenye nyonga huteremka hadi kwenye goti, kwa hivyo nyonga inaumia huku mtoto analilia goti. Anakuonyesha mahali anaposikia maumivu, naye hadanganyi, ila ugonjwa wenyewe uko juu zaidi. Kuna watoto wa miaka sita, saba, ambao kichwa cha mfupa wa paja kinakosa damu na kuanza kubonyea. Kuna wale wakubwa kidogo, hasa wanono wanaorefuka haraka, ambao kichwa hicho kinateleza kutoka kwenye shingo yake, kwa sababu pale katikati mfupa bado unakua na haujashikana vizuri. Na kuna vitoto vichanga ambavyo nyonga haijakaa sawasawa kwenye kikombe chake tangu kuzaliwa.

Mmoja wa vichanga hivyo aliletwa na mama yake kutoka mtaa wa matajiri wa Karen. Yule mama alikuja na yaya wake, msichana wa watu, na alikuwa amekwisha kumhukumu.

"Ni huyu anambeba kwa mgongo kila saa," akasema. "Amemharibu miguu."

Madam Truphosa akauliza mtoto hulala vipi. Akaambiwa hufungwa blanketi imbane vizuri, miguu imenyooshwa pamoja, ndipo apate usingizi.

"Basi wacha hiyo blanketi," Madam akamwambia. "Mgongoni miguu inapanuka, mfupa unaelekea mahali pake. Huyu msichana amekuwa akimsaidia mtoto wako na hujui."

Yaya aliinamisha kichwa ili tusimwone akicheka. Mtoto alivalishwa mikanda ya kumpanua miguu kwa miezi kadhaa, na walipomrudisha kupigwa picha ya mwisho alikuwa akikimbia kwenye baraza akigusa kila kitu. Nyonga ikishikwa mapema huwa hivyo. Nilijua. Nilikuwa nimeona kwa macho yangu.

Ndanu aliletwa Jumatatu moja, na Jumatatu foleni yetu ilifika hadi kwenye ngazi. Alikuwa na miaka kumi na miwili, mnono, mrefu kwa umri wake, amevaa sweta ya shule. Mama yake alikuwa Mkamba aliyeuza mboga soko la Kangemi, si mbali na ninapoishi, ingawa hatukuwa tukijuana. Madam Truphosa alikuwa amestaafu mwezi uliotangulia, nami nikawa mkuu wa chumba. Wiki moja kabla ya Jumatatu hiyo, daktari mmoja kijana alikuwa amenigombeza mbele ya wagonjwa kwa sababu nilipiga picha ambayo hakuwa ameiandika.

"Wewe piga kile nimeandika," alisema. "Ukitaka kuwa daktari, rudi shule."

Maneno hayo yalinikaa kooni. Kwa hivyo Ndanu alipoingia sikumwangalia akitembea. Nilisoma fomu. Iliandikwa goti la kulia.

"Sasa, Ndanu?"

"Poa."

"Ni wapi inauma?"

"Ni hapa kwa knee. Na hapa pia, kidogo." Akapitisha mkono juu ya paja kuelekea kinena.

"Anachechemea tangu shule ifunguliwe, daktari," mama yake akaongeza. Wagonjwa wengi walituita daktari, nasi hatukuwakataza. "Mwalimu anasema ni uvivu, eti hataki kukimbia. Mimi naona anaumia."

"Fomu ni ya goti, mama," nikamjibu.

Nikamlaza mezani. Mguu wa kushoto ulitulia vidole vikiangalia dari. Wa kulia ulianguka nje, vidole vikaangalia ukuta. Mtoto ambaye nyonga yake imeanza kuteleza hulaza mguu hivyo hivyo, na Madam Truphosa alikuwa ametuonyesha si mara moja wala mbili. Sitasema sikuuona ule mguu. Niliuona, ila kilichonijia kichwani ni kwamba goti halijakaa vizuri kwa picha.

Lazima niwaambie kwamba mimi nilikuwa na sifa ya magoti. Ili goti litoke vizuri, pia ya goti, kile kimfupa cha mbele, inatakiwa iangalie juu moja kwa moja, mifupa isilaliane, na ile nafasi ya katikati ionekane wazi. Wengi hawakuiweza, mimi niliiweza, na picha zangu zilitumika kufundishia wanafunzi. Tulikuwa na vifuko vya mchanga, vizito, vilivyoshonwa kwa turubai, vya kuzuia kiungo kisisogee. Nikaugeuza mguu wa Ndanu kwa ndani mpaka pia ya goti ikaangalia juu. Nikaegemeza kifuko kimoja upande wa nje, kingine nikakilaza juu ya muundi wake.

"Aiii! Pole pole, daktari!"

"Vumilia kidogo," nikasema, kisha nikamwambia nilichowaambia watoto wote walionipitia. "Usitikisike. Ukitikisika, ugonjwa hautaonekana."

Akaushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili na kufumba macho. Nikaenda nyuma ya ukuta wa madini ya risasi unaozuia mionzi. Mashine ilipounguruma niliona bega lake likishtuka, na machozi yakimteremka hadi masikioni.

Picha ilitoka nzuri ajabu. Niliitundika kwenye taa ikiwa bado inadondosha maji, nikawaita wanafunzi waliokuwa koridoni waje waone goti linavyopigwa. Daktari naye aliitazama, akaandika kwamba hakuna tatizo, akampa mtoto dawa za maumivu na kumshauri apunguze kula. Mama yake alipewa filamu kwenye bahasha ya kaki akaenda nayo nyumbani, kama tulivyofanya wakati huo.

Wiki tano baadaye Ndanu aliteleza kwenye ngazi za ploti yao, yale majengo ya vyumba vya kupanga, akaletwa kwa machela. Safari hii fomu iliandikwa nyonga. Niliitoa filamu kwenye maji nikaiinua kwenye taa. Kichwa cha mfupa kilikuwa kimeachana na shingo yake, kimerudi nyuma kama kofia iliyosukumwa kisogoni. Nilikaa kwenye stuli ya chumba cha giza mpaka mwenzangu akagonga mlango akidhani nimeugua.

Madaktari walimtia skrubu. Walifanya walichoweza, lakini mishipa ya damu inayolisha kichwa kile ilikuwa imekatika, na mfupa usiopata damu hufa. Ukishakufa, mtu akiukanyagia unaporomoka kidogo kidogo. Niliushuhudia ukiporomoka, kwa sababu kila aliporudi kliniki ni mimi niliyempiga picha. Mwaka wa kwanza kichwa kilikuwa bado na umbo. Mwaka uliofuata kilikuwa kimebonyea upande mmoja. Baadaye nafasi kati yake na kikombe ilitoweka na mifupa ikaanza kusagana.

Tena kuna jambo ambalo mwenye jicho la kazi hulitambua haraka. Mfupa ulioshiba hutoka mweupe kwenye picha. Wa Ndanu ulikuwa ukififia mwaka hadi mwaka, paja lote la kulia hadi chini, kwa kuwa hakuwa akilikanyagia. Mifupa ya mtoto hujijenga kwa uzito, kwa kuruka kamba, kwa kutumwa dukani na kurudi mbio. Na ni katika umri ule hasa ndipo mtu anajiwekea mfupa wa kumfikisha uzeeni. Yeye alipitisha umri huo kwa magongo, kisha kwa kuchechemea. Akiwa na miaka kumi na mitano, mguu wake wa kulia ulikuwa na mfupa wa ajuza.

Kila alipokuja tulisalimiana vizuri. Nilimuuliza habari za shule, na mara moja mama yake alikuja naye hadi nyumbani kwangu kuniletea sukuma wiki, akaniambia nimekuwa mtu wa maana kwao. Nilizichukua. Sikuwaambia kitu. Mwanzoni niliogopa kufutwa kazi, baadaye niliogopa uso wa yule mama, na kliniki zilipokwisha hata sokoni sikupita tena. Nilijiambia kwamba nyonga ingeteleza hata bila mimi, na huenda ni kweli, maana hakuna anayeweza kujua. Lakini picha moja ya nyonga siku ile Jumatatu ingemfikisha kwenye skrubu akiwa bado anatembea, mfupa ukiwa haujaachana, na hiyo picha ningeweza kuipiga kwa dakika mbili. Vijana wangu, nimeona aibu kwa miaka mingi, na kuona aibu hakukumsaidia mtu yeyote.

Nilipostaafu nilichukuliwa na kituo kimoja kidogo cha picha kule Hurlingham, ghorofa ya pili, juu ya duka la dawa kwenye barabara ya Argwings Kodhek. Siku mbili kwa wiki tu, kuwasaidia vijana. Lifti ilikuwa haifanyi kazi, na wagonjwa wa mifupa walipanda ngazi mmoja mmoja wakishikilia ukuta. Mwaka jana, asubuhi moja, nilisikia mtu akipanda kwa mguu mmoja na kuuvuta wa pili. Safari hii niliweka karatasi chini nikaangalia mlango.

Nilimjua kabla hajafika kwenye kiti. Alikuwa mtu mzima sasa, fundi wa nguo huko Kangemi, na baadaye aliniambia cherehani anaikanyaga kwa mguu wa kushoto peke yake. Alibeba mfuko wa plastiki uliojaa bahasha za kaki.

"Ni wewe," akasema.

"Ni mimi, Ndanu."

"Umezeeka, mzee."

"Nimezeeka. Mama hajambo?"

"Mum alituacha mwaka juzi."

"Pole sana," nikamwambia.

Daktari wake alitaka kumwekea nyonga ya chuma. Kabla ya hapo alitaka picha mpya, aone kama mfupa uliobaki una nguvu ya kukishika chuma hicho. Kama hauna, angebaki na maumivu yale na kumeza vidonge, na kazi ya cherehani ingemshinda. Ndanu alinieleza haya yote akivua viatu, kwa sauti ya mtu aliyezoea hospitali.

Nikamlaza. Mguu wa kulia ukaanguka nje. Niliuacha ulivyo, sikuugusa. Lakini yeye akaushika ukingo wa meza kwa mikono yote miwili, akafumba macho, akakakamaa mwili mzima.

"Legea tu," nikamwambia. "Mashine za sasa ni haraka."

"Wacha nishike. Ile time ingine nilitikisika."

"Time gani?"

"Ile ya kwanza kabisa, ya knee. Si uliniambia nikitikisika ugonjwa hautaonekana? Na nikatikisika, mwisho mwisho hivi. Ndio maana hawakuona kitu."

Alisema hivyo akiwa bado amefumba macho, kama mtu anayetaja jina la shule aliyosoma. Niliiacha mashine nikamgeukia.

"Nani alikwambia ni kwa sababu hiyo?"

"Si najua mwenyewe. Nilimwambia Mum nikiwa wodi, baada ya operesheni. Akasema tusiambie madaktari, wasikasirike wakaacha kunitibu. Hatukuwahi kuongea hiyo maneno tena. Ila kila time akiniona nikichechemea alikuwa anaangalia kando."

Nilipiga picha yake, maana ndiyo iliyomleta. Kisha nilikaa kwenye kiti cha wagonjwa. Nikamuuliza kama ile filamu ya kwanza ipo.

"Zote ziko. Mum alikuwa anaziweka chini ya godoro zisikunjike."

Ilikuwa ya chini kabisa kwenye mfuko. Kituo hicho hakina taa ya kuangalizia filamu, kwa hivyo tulikwenda naye dirishani nikaiinua kwenye mwanga wa barabarani. Ilikuwa imegeuka manjano kidogo pembeni. Kwingine kote ilikuwa kama siku niliyoitundika.

"Tazama ukingo wa huu mfupa," nikamwambia. "Umekatika wazi kama umechorwa kwa wembe. Ungetikisika, hapa pangekuwa na ukungu, kama picha ya mtu aliyekuwa akikimbia. Hukutikisika, Ndanu. Bega lilishtuka, goti halikusogea hata kidogo."

Akaikaribia. "Sasa mbona hawakuona?"

"Kwa sababu ugonjwa haukuwa hapa. Ulikuwa kwenye nyonga, na mimi nilikuwa nimefundishwa kuuangalia huko. Sikuuangalia."

Akaweka kidole kwenye pembe ya chini ya filamu, penye kivuli cha chembechembe ambacho mtu asiye wa kazi hawezi kukitambua.

"Na hii ni nini?"

"Huo ni mchanga. Ni kile kifuko nilichokulazia mguuni. Mguu wako ulikuwa umeanguka nje, ulikuwa unaniambia ugonjwa uko wapi. Mimi nikaukandamiza ukae sawa ili picha yangu ipendeze."

Huko chini mtu alikuwa akipiga honi bila kuchoka. Ndanu aliitazama tena ile pembe ya filamu.

"Na Mum amekufa akijua ni mimi," akasema.

Nilitaka kumwomba msamaha. Nilikuwa nimeyapanga maneno hayo kwa zaidi ya miaka ishirini, na yalipotakiwa niliona ni kumtwika kazi nyingine, anifariji mimi. Nilisema tu kwamba kosa ni langu, lote, tangu siku ile, na kwamba ningewaambia mapema yeye na mama yake kama ningekuwa na moyo. Hakunigombeza. Alivaa viatu akikataa nimsaidie, akarudisha bahasha kwenye mfuko moja moja. Ile ya goti hakuirudisha. Aliiweka juu ya meza mbele yangu.

"Hii ubaki nayo wewe, mzee," akasema, akaanza kushuka ngazi.

Mfupa wake ulitoka wa kijivu kwenye picha, kama nilivyoogopa. Nimesikia kwa jirani anayeshonewa nguo naye kwamba chuma kiliwekwa hatimaye, kikashikizwa kwa saruji ya mifupa kwa kuwa mfupa peke yake ulikuwa umekonda, na kwamba anatembea kwa fimbo na haruhusiwi kuanguka hata mara moja. Mimi mwenyewe sijamwona tena. Sote tunaishi Kangemi na nyumba yangu anaijua, kwa hivyo nadhani ni yeye asiyetaka, na ana haki.

Sasa nyinyi mtakutana na watoto wenu. Atakuja mmoja kesho au mwezi ujao ameshika goti, na nyuma yake kuna foleni, na daktari ameandika goti. Mwangalie akitembea. Mlaze, uache mguu uanguke unakotaka kuanguka, kisha umpigie daktari simu umwambie unaomba nyonga pia, na akikutukana utukanike. Na lile neno la kutikisika msimwambie mtoto. Mwambieni picha ikiharibika mtapiga nyingine, na kwamba ikiharibika si yeye, ni nyinyi.

Ile filamu iko chini ya godoro langu, imelala vizuri, haina kunjo. Mke wangu hapendi, anasema nitupe. Anayetaka kujifunza aje Kangemi nimwonyeshe. Ukingo wake bado uko wazi, pia ya goti iko katikati kabisa, na katika miaka yangu yote ya kazi sikuwahi kupiga goti zuri kuliko hilo.